Samadi Ni Yangu

Nathaniel alikuwa mtu wa trekta, na mtu wa trekta hafichiki. Hata baada ya trekta la kijiji cha Bukinda kufa na kuachwa liote nyasi nyuma ya ghala, yeye aliendelea kutembea ameinua mabega kama aliyeshika usukani. Ukimwita kutoka nyuma hakugeuza shingo tu, aligeuka na mgongo mzima, kama dereva anayetazama plau yake inavyokata.

Bukinda iko upande wa Busisi, na ukipanda mwinuko wa shuleni unaona kivuko kikienda Kigongo na kurudi. Mwaka sabini na sita serikali iliwaletea trekta jekundu. Nathaniel, aliyekuwa ametoka kusomea udereva miezi mitatu, akakabidhiwa ufunguo mbele ya umati. Zilipigwa ngoma, zikatolewa hotuba, akina mama wakapiga vigelegele mpaka sauti zikakauka. Watu wakaacha vishamba vyao vya huku na huko, wakalima kwa pamoja shamba moja la ekari mia nne, bega kwa bega, kama lilivyoitwa. Leo ni rahisi kuwacheka. Mimi siwacheki. Ilikuwa ndoto nzuri, na Nathaniel aliiendesha kwa mikono yake miwili. Asubuhi moja tu alimaliza eneo ambalo kwa jembe la mkono lingewatoa watu jasho wiki nzima. Wazee walimfuata nyuma wakigusa tuta kwa vidole, wakitikisa vichwa kwa furaha. Pamba ya msimu wa kwanza ilijaa ghalani, nyingine ikalazwa madarasani, watoto wakasomea nje.

Shida ilikuwa udongo. Udongo wa Bukinda ni ule mweupe wa kichanga ambao Wasukuma wanauita luseni, udongo mpole usiopenda vishindo. Plau ilizama chini na kupindua kila kitu. Rutuba nyembamba ya juu ikazikwa, mchanga mfu ukapanda kuota jua. Siasa ilikuwa safi kabisa, ila udongo haukuhudhuria mkutano. Mwaka wa nne pamba iliishia magotini. Mwaka wa sita hakukuwa na cha kuvuna, na trekta nalo likakosa vipuri, likalala. Watu wakarudi kimya kimya kwenye vishamba vyao, na zile ekari mia nne zikabaki mali ya kijiji, maana yake mali ya magugu.

Hapo ndipo Paskazia alipoomba kona.

Paskazia aliletwa Bukinda na Shimba, binamu yake Nathaniel, aliyemwoa huko Ukara, kile kisiwa kidogo nyuma ya Ukerewe ambacho ukishuka kwenye meli Nansio bado hujafika. Ukara watu ni wengi na ardhi ni kiganja. Shamba likichoka, Mkara hana pengine pa kuhamia, kwa hiyo haliachi lichoke. Ng'ombe wake hachungwi. Anakaa ndani, kwenye shimo alilochimbiwa, analetewa majani kama mgonjwa anavyoletewa uji, na kila kinachodondoka chini yake kinabebwa kwa kikapu mpaka shambani. Paskazia alizaliwa ndani ya kazi hiyo. Alipofika kwa Wasukuma, ambao wanaamini ng'ombe ni wa kutembea na kuonekana, akachimba shimo bandani na kufungia humo ng'ombe watatu wa mumewe, kijiji kizima kilivunjika mbavu.

"Shemeji, hawa ng'ombe wana kesi gani?" Nathaniel alimuuliza siku hiyo.

"Wamehukumiwa kunilisha," Paskazia alimjibu, wala hakuinua uso kwenye kazi yake.

Shimba alifariki mapema. Paskazia akabaki na binti mmoja, Rose, na wale wafungwa watatu. Mwaka themanini na mbili aliiomba serikali ya kijiji ekari moja na nusu katika shamba lile lililokufa, kwenye kona ya barabarani. Walimpa haraka sana, kama mtu anavyokupa kitu alichokuwa anatafuta pa kukitupa.

Tangu hapo, kila siku aliyoiumba Mungu, Paskazia alionekana na kikapu kichwani. Asubuhi samadi kwenda shambani, jioni majani kutoka ziwani kwenda kwa ng'ombe. Katikati ya uwele alipanda marejea, ile mimea ya maua ya njano, na ilipostawi vizuri, wakati mtu mwenye akili timamu angeifurahia, yeye aliifukia ardhini ingali mbichi. Alipanga mawe kuzuia maji ya mvua yasimwibie. Hakuna aliyemsaidia na hakuna aliyemzuia. Miaka mitano ya kwanza watu walimhurumia. Miaka mitano iliyofuata waliacha kumhurumia, kwa sababu uwele wake ulikuwa unawazidi kimo, na mwaka wa ukame walienda wenyewe na vibakuli kumwomba karanga za mbegu. Udongo wa kona ile ulibadilika rangi, ukawa mweusi, wenye unyevu hata mwezi wa tisa. Ukiingiza mkono unazama mpaka kwenye kiwiko.

Nathaniel aliyaona yote hayo. Kila alipopita alisema moyoni kwamba ni bustani tu, si kilimo. Kilimo kwake kilikuwa na injini.

Mwaka tisini na sita injini ikarudi. Ilikuwa miaka ile ya soko huria. Ushirika ulikuwa hoi, mashirika yalikuwa yanauzwa, na kila kiongozi wa kijiji alikuwa anamtafuta mwekezaji wake. Mwenyekiti wa Bukinda, Maige, alimpata wa kwake: kampuni moja ya mjini Mwanza iliyotaka kulima mahindi na alizeti kwa trekta, ekari mia nne kwa mkupuo. Maige aliwaahidi watu ajira, barabara na kisima. Nathaniel aliahidiwa kitu kimoja tu, usukani. Walimpeleka mpaka kwenye yadi ya kampuni, wakamkalisha juu ya trekta jipya la bluu, lenye kiti kinachonesa na harufu ya rangi mpya. Alikuwa na miaka hamsini na mbili. Aliposhuka ilibidi ajifanye ameingiwa na vumbi machoni.

Kabla ya mkataba, kampuni ilimtuma mtaalamu wake kupima udongo. Aliitwa Luhaga, kijana mwenye adabu na haraka nyingi, na kwa sababu Nathaniel alilijua shamba, akapewa kazi ya kumwongoza. Ulikuwa mwezi wa tisa, jua kali, ardhi imekaza kama sakafu. Luhaga alikuwa na chuma kirefu cha kutobolea ardhi. Alikichomeka hapa, kikagoma. Akakichomeka pale, kikapinda. Mikono yake ilianza kutoa malengelenge, na siku hiyo hiyo alikuwa anasubiriwa kijiji cha pili.

"Mzee, hakuna sehemu laini kidogo?" aliuliza huku akijifuta jasho.

Nathaniel alijua alichoulizwa na alijua jibu litafanya nini. Hakuna aliyemlazimisha, na hakuna pepo aliyempitia. Aliliona tu lile trekta la bluu.

"Twende huku barabarani," alisema.

Paskazia alikuwa ziwani akikata majani. Chuma kilizama kwenye kona yake bila hata kusukumwa, na Luhaga akacheka kwa raha, akajaza vifuko sita vya udongo mweusi.

"Hii nayo ni sehemu ya shamba, siyo?"

"Ni shamba hilo hilo," Nathaniel alijibu, na uongo wenyewe ulikuwa mbaya zaidi kwa sababu ulikuwa kweli.

Majibu ya maabara yalirudi yakimeremeta. Kampuni haikuwahi kuona udongo wa luseni wa namna ile, ikataka ekari zote mia nne, na ikataka kazi ianzie kona ya barabarani. Maige akaitisha mkutano. Paskazia akaelezwa mbele ya watu kwamba atahamishwa, lakini asihofu, atapewa ekari moja na nusu nyingine kamili, kule nyuma karibu na makaburi. Kule nyuma hata mbuzi walikuwa hawaendi.

Paskazia alisimama. Watu walijiandaa kwa kilio.

"Ardhi ni ya kijiji," alisema. "Mlinipa, mnaweza kuichukua, sibishani. Samadi ni yangu."

"Samadi?" Maige akacheka, na mkutano ukacheka naye kwa kupata nafuu. "Mama Rose, hiyo samadi yako nani anaitaka? Beba yote, tena andikeni kwenye muhtasari, samadi ni ya Mama Rose!"

Ikaandikwa.

Kesho yake alfajiri Paskazia aliingia shambani kwake na jembe na kikapu. Akaanza kukwangua. Alikwangua tabaka lile jeusi la juu, kina cha kiganja kimoja, akajaza kikapu, akajitwisha, akatembea nacho mpaka kule makaburini, akamwaga juu ya mchanga mweupe, akarudi. Maige alikuja mbio kumwambia kwamba hiyo si samadi, huo ni udongo. Paskazia akamuuliza kwa upole amwonyeshe mstari unaotenganisha hivyo viwili. Maige aliangalia chini muda mrefu, kisha akaondoka akisema mama huyo atamaliza miguu kabla hajamaliza udongo.

Siku zilienda. Nathaniel alipaswa kuwa mtu mwenye furaha kuliko wote Bukinda, lakini hakuwa nayo. Kila alikotazama alimwona yule mwanamke na kikapu chake. Vikapu ishirini kwa siku, wakati mwingine ishirini na tano. Wiki ya tatu alishindwa kuvumilia, akaenda kusimama kwenye njia yake.

"Shemeji, unafikiri utamaliza lini?"

"Sijajiuliza," Paskazia alisema. Shingo yake haikutikisika chini ya mzigo. "Huku niliuleta kidogo kidogo. Naondoka nao hivyo hivyo."

"Utakufa nao."

"Basi atamalizia Rose."

Hakuwa na hasira hata chembe, na hilo ndilo lililomchoma Nathaniel. Alizoea kuamini kwamba mtu anayelima kwa mkono ni mtu aliyekosa trekta. Sasa alikuwa anamtazama mtu ambaye hakukosa chochote. Ujamaa ulipita juu ya mwanamke huyu, soko huria lilikuwa linapita juu yake, na yeye alikuwa bado anatengeneza udongo, kitu ambacho zile zama mbili kubwa, pamoja na matrekta yake, hazikuwahi kukifikiria. Nathaniel alimheshimu ghafla mpaka ikamuuma. Alitaka kumwambia kwamba yeye ndiye aliyewaonyesha. Mdomo ukakataa.

Lori la kampuni liliingia Jumatatu ya wiki iliyofuata, trekta la bluu limefungwa juu yake kwa minyororo. Hakuna aliyebaki nyumbani. Luhaga alikuja na karatasi za mkataba, Maige alikuja na kalamu mpya, na meza ikawekwa kivulini mwa lori. Ila kabla ya kutia saini, Maige, ambaye alipenda mambo yaonekane, akataka kwanza trekta likate tuta la ufunguzi.

"Ngosha, panda!" alimpigia kelele Nathaniel, kama Wasukuma wanavyomwita mwanamume. "Anzia pale konani!"

Nathaniel akapanda. Akageuza ufunguo, injini ikaitika, na mtetemo ule ukampanda kuanzia nyayo mpaka kwenye meno, miaka kumi na minne ya ukiwa ikayeyuka. Mungu anajua alivyolipenda trekta lile. Akaliendesha polepole mpaka ukingoni mwa kona, akashusha plau. Mbele yake Paskazia alikuwa anakwangua bado. Hakupiga kelele wala hakulala chini mbele ya magurudumu. Alijaza kikapu chake haraka kidogo kuliko kawaida, kama mtu anayeanua nguo mvua ikianza.

Nathaniel akazima injini.

Kimya kilichofuata kilisikika mpaka Kigongo. Alishuka, akalichukua sepetu lililofungwa nyuma ya kiti, akavuka ule mstari wa mawe na kuhesabu hatua kumi kuingia kwenye shamba kubwa la kijiji. Akaanza kuchimba. Alikuwa anaumwaga unga wake mwenyewe, kila pigo, na alijua.

"Luhaga, mwanangu, njoo uone," alisema alipopata shimo la kutosha. "Ule udongo uliopima wote ulitoka kwa huyu mama. Mimi ndiye niliyekupeleka. Nilijua. Shamba la kampuni yako ni hili hapa."

Luhaga alichuchumaa, akachota konzi ya mchanga mweupe, akaupuliza. Uliruka wote, kiganja kikabaki kitupu. Akatembea mpaka kwenye kona, akachota mweusi, akaufinya, ukabaki na alama za vidole vyake. Alirudia hivyo mara tatu. Lazima nimsifu kijana huyu, kwa sababu angeweza kukasirika, lakini badala yake akamwendea Paskazia kama mwanafunzi.

"Shikamoo, mama. Udongo huu umeutengenezaje?"

"Marahaba. Kwa ng'ombe watatu, marejea, na majani ya ziwani."

"Kwa muda gani?"

"Miaka kumi na minne."

Luhaga akatoa karatasi na kuanza kupiga hesabu amesimama, midomo ikicheza. Watu walimsogelea kwa kiherehere.

"Ekari mia nne," alisema hatimaye, akionekana anajisemea mwenyewe. "Ng'ombe mia nane, wote wa kufugwa ndani. Na akina mama kama huyu mia mbili na sitini na saba. Kisha tusubiri miaka kumi na minne." Akaikunja karatasi, akaitia mfukoni. "Ng'ombe kampuni inaweza kununua."

Hakumalizia. Alimpa mkono Paskazia, tena kwa mikono miwili, akaenda kuagiza trekta lirudishwe kwenye lori. Mkataba haukutiwa saini siku hiyo wala siku nyingine. Tulisikia baadaye kwamba kampuni ilipata mahali kwenye udongo mzito wa mbuga, na kwamba huko trekta la bluu lilifanya kazi nzuri sana, na sina sababu ya kutoamini. Kila udongo na wake.

Bukinda hawakumbeba Nathaniel mabegani. Walimtukana mpaka matusi yakawaishia. Vijana walikuwa wameshaonja ajira mdomoni, na Maige alimwambia mbele ya wote, "Umetumwagia unga kijiji kizima, ngosha, kwa ajili ya kinyesi cha ng'ombe." Nathaniel alisimama akitazama lori likipanda mwinuko na ile rangi ya bluu ikipungua, akalia waziwazi, na safari hii hakusingizia vumbi.

Watu walipotawanyika alibaki yeye na Paskazia. Mwanamke alikuwa ameketi juu ya kikapu chake alichokigeuza, mara ya kwanza kuonekana ameketi shambani.

"Kumbe ni wewe," alisema.

"Ni mimi, shemeji."

"Ulipokuja kuniuliza nitamaliza lini, ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

Nathaniel alisubiri matusi ya Paskazia kwa hamu, maana ya wengine hayakumtosha.

"Nitaurudisha udongo wako," alisema aliposhindwa kusubiri. "Wote uliopeleka kule nyuma. Kuanzia leo. Mgongo ninao."

"Hapana." Paskazia akasimama na kujikung'uta sketi. "Udongo ukishamwagwa umeshaoana na mchanga wa pale. Twende."

Alimtangulia mpaka makaburini. Wiki tatu za vikapu vyake zilikuwa zimetandazwa pale juu ya mchanga mweupe, kiraka cheusi kilichosawazishwa vizuri, upana wake kama sebule ya mtu wa kawaida. Kandokando pote ulitandaa ule mchanga ambao Nathaniel mwenyewe aliupindua juu, miaka ishirini iliyopita, huku akipigiwa vigelegele.

"Hiki ni chako," Paskazia alisema. "Marejea nitakupa mbegu. Ng'ombe huna, kwa hiyo kila asubuhi utakuja kuzoa kwangu, utajitwisha, utaleta. Ukipanua hatua moja kwa mwaka, umejitahidi."

Alimpa kile kikapu. Ndani yake mlikuwa bado na udongo, ule alioujaza kwa haraka mbele ya trekta. Nathaniel alikipokea, akakiona ni kizito kuliko alivyodhani miaka yote hiyo. Alikitazama kiraka chake kutoka mwanzo mpaka mwisho, kazi ambayo macho yaliimaliza mara moja, na yeye, dereva wa ekari mia nne, akamuuliza yule mwanamke aanzie upande gani.